Majina ya Wafalme na Malkia wa Kale kwa Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa historia, mfasiri, mwandishi wa habari na yeyote anayelazimika kuandika kwa Kiingereza juu ya mtawala wa zamani. Makosa mengi hapa hayatokani na kutojua Kiingereza. Yanatokana na kuhamisha mazoea ya Kiswahili, au kudhani jina la mfalme lina jina la ukoo kama la mtu wa kawaida.

Niandike "Henry VIII", "Henry the VIII" au "Henry 8th"?

"Henry VIII", basi. Tarakimu ya Kirumi ikifuata jina la mfalme, tayari imebeba neno "the" ndani yake: ukiisoma kwa sauti unasema "Henry the Eighth". Kwa hiyo "Henry the VIII" ni kama kusema "Henry the the Eighth". Kosa hili huwanasa sana wanaotafsiri kutoka Kiswahili, kwa sababu "Henry wa Nane" ina ule "wa" ambao mkono unatafuta pa kuuweka.

Ukitaka kuandika kwa maneno, andika yote kwa maneno: "Henry the Eighth", E kubwa na "the" ndogo. Hii inafaa kwenye hati ya kusomwa redioni, ambapo mtangazaji akikutana na XVIII ghafla anaweza kujikwaa. Kwenye maandishi mengine tumia tarakimu. "Henry 8th", "Henry VIIIth" na "Henry No. 8" hazipo katika Kiingereza cha kuchapishwa.

Vilevile usitangulize "the" mbele ya cheo. Ni "Queen Elizabeth II visited", si "the Queen Elizabeth II visited". Ukikuta "the Queen Elizabeth 2", hiyo ni meli.

Kuna nukta au mkato kati ya jina na tarakimu?

Hapana. "Louis XIV" haina mkato kabla ya tarakimu wala nukta baada yake, isipokuwa sentensi imeishia hapo. Wajerumani huweka nukta, "Wilhelm II.", na ukinakili kutoka kitabu chao nukta hiyo hukufuata hadi kwenye Kiingereza. Ifute.

Mkato unakuja pale unapoongeza maelezo ya cheo nyuma ya jina, na hapo inakuja miwili: "Elizabeth I, queen of England, died in 1603." Ukifungua bila kufunga, sentensi inachechemea. "Mary, Queen of Scots, was executed in 1587" ndiyo sentensi ambayo wengi husahau mkato wake wa pili.

Upande wa kompyuta: tarakimu za Kirumi andika kwa herufi kubwa za kawaida I, V na X. Usitumie namba 1 wala l ndogo mahali pa I. Kwa macho zinafanana, lakini anayetafuta "Charles II" kwenye faili lako hataipata. Zipo pia alama maalumu ambapo VIII nzima ni herufi moja. Ziache, baadhi ya fonti hazina na hutokea kisanduku kitupu. Na ili jina lisikatike, "Henry" likabaki mwisho wa mstari na "VIII" ikaanza mstari wa pili, weka nafasi isiyokatika: kwenye Word bonyeza Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi kwa pamoja, kwenye Mac ni Option na kitufe cha nafasi.

Mbona Malkia Victoria hana "I"?

Kwa sababu hajatokea Victoria wa pili katika kiti kile. Mazoea ya Uingereza ni kwamba namba hupewa pale jina linaporudiwa. Ndiyo maana kuna King Stephen, King John, Queen Anne na Queen Victoria, wote bila namba. "John I" au "Victoria I" ikiandikwa kwenye mtihani humwonyesha msahihishaji kwamba umekisia.

Elizabeth wa Kwanza naye aliishi na kufa akiitwa Queen Elizabeth tu. "I" alivishwa na historia baada ya Elizabeth mwingine kurithi kiti mwaka 1952. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha karne ya 19 kinasema "Queen Elizabeth" bila namba, mwandishi wake hajakosea, na unaponukuu usimwongezee. Katika maneno yako mwenyewe ya leo, weka I.

Si nchi zote zinafuata hivyo. Hispania ilimwita Juan Carlos I tangu mwanzo, na Haile Selassie I alitumia namba hiyo mwenyewe. Fuata desturi ya kiti husika.

Jambo jingine linalowachanganya watu: hesabu ya Uingereza inaanzia baada ya uvamizi wa Wanormani wa 1066. Kabla ya hapo walikuwepo akina Edward watatu, Edward the Elder, Edward the Martyr na Edward the Confessor, lakini Edward I ni yule aliyetawala 1272 hadi 1307. Ukiwahesabu wote kwa vidole utapata Edward VIII ni wa kumi na moja. Usijaribu kusahihisha.

Kwa nini James anaandikwa "James VI and I"?

Ni mtu mmoja mwenye viti viwili. Alikuwa James wa Sita wa Uskoti tangu 1567, kisha mwaka 1603 akarithi England, ambako hapakuwahi kuwa na James kabla yake. Ukiandika historia ya England peke yake, "James I" inatosha. Ukigusa Uskoti, "James VI and I" ndiyo salama, na namba ya Uskoti inatangulia kwa kuwa ndiyo aliyoipata kwanza. Mjukuu wake ni "James VII and II". William wa Orange ni wa Tatu England na wa Pili Uskoti.

Suala hili halikuisha karne ya 17. Elizabeth II aliporithi, Waskoti walilalamika kwamba kwao hajawahi kuwepo Elizabeth wa Kwanza. Kesi ilifika mahakamani Edinburgh mwaka 1953, na masanduku ya posta ya Uskoti yakaishia kuwekewa taji la Uskoti badala ya herufi EIIR, kifupi cha jina na cheo cha Elizabeth II. Serikali ya Churchill ilipendekeza kanuni kwamba itumike namba iliyo kubwa kati ya hesabu mbili.

Ulaya bara nako yapo ya namna hii. Charles V, kaizari wa Dola Takatifu ya Kirumi kuanzia 1519, ndiye huyohuyo Charles I wa Hispania. Kitabu kimoja kikisema Charles I na kingine Charles V, tazama miaka na nchi kabla ya kudhani ni watu wawili. Na usimchanganye na Charles I wa England, aliyekatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649.

Naweza kuandika "Queen of England" kwa Elizabeth II?

Mitaani kila mtu husema hivyo, hata Waingereza. Kwenye maandishi makini, hapana. Cheo cha mfalme au malkia wa England kiliisha mwaka 1707, England na Uskoti zilipounganishwa chini ya Queen Anne. Hivyo:

- Henry VIII of England: sawa.
- George II of Great Britain: sawa, alitawala 1727 hadi 1760.
- Victoria of the United Kingdom: sawa, maana jina hilo la nchi lilianza 1801.
- George III: ametawala pande zote mbili za 1801, chagua kwa kuangalia mwaka unaouzungumzia.

Kiswahili hakitusaidii hapa. "Uingereza" yetu inabeba England, Great Britain na United Kingdom kwa pamoja. Mfasiri lazima aulize mwaka kwanza, kisha ndipo achague.

Herufi kubwa zinakaa wapi?

Cheo kikishikana na jina mbele, kikubwa: "King George V", "Sultan Barghash", "Emperor Menelik II". Kikisimama peke yake, wachapishaji wengi sasa hutumia ndogo: "the king signed", "the queen refused". Baadhi ya magazeti ya Uingereza hubakiza kubwa kwa mtawala aliye hai. Chagua mtindo mmoja uushike hadi mwisho. Mhariri atakusamehe uchaguzi wako lakini hatakusamehe kuuruka.

Ritifaa ya umiliki na wingi vinawekwaje?

Ritifaa na s hukaa baada ya tarakimu: "Henry VIII's wives", "Charles I's trial", "Louis XIV's palace". Hata tarakimu ikiishia kwa sauti yoyote ile, unaongeza 's tu. Ukitaja jina bila namba, "Charles's" ndiyo inayopendelewa na wachapishaji wengi wa vitabu, ingawa "Charles'" nayo utaikuta.

Wingi hauna ritifaa: "the four Georges", "the two Charleses". Henry inakuwa "the Henrys", si "Henries". Jina la mtu halibadilishi y yake. Wawili wenye jina moja na namba tofauti: "Kings George V and George VI".

Nikiandika juu ya mtu kabla hajawa mfalme, nitumie jina gani?

Hapa ndipo tunapokuta makosa mengi zaidi, hata kwenye maandishi yaliyopita kwa mhariri. Chukua sentensi hii: "Queen Elizabeth II arrived in Kenya at the beginning of February 1952." Haikuwa hivyo. Aliyefika Kenya alikuwa Princess Elizabeth. Baba yake, George VI, alifariki tarehe 6 Februari akiwa bado huku, naye akaondoka akiwa malkia. Sentensi sahihi ni "Princess Elizabeth arrived in Kenya", na ukihofia msomaji hatamtambua, "Princess Elizabeth, the future Queen Elizabeth II". Maneno mawili, "the future", yanaokoa ukweli wote.

Baba huyo naye alitembelea Afrika Mashariki mwaka 1924 na 1925, lakini wakati huo alikuwa Duke of York, na hakuna aliyetarajia angerithi. Jina lake la kwanza lilikuwa Albert. George alilichukua alipopata kiti baada ya kaka yake, Edward VIII, kujiuzulu Desemba 1936. Baada ya kujiuzulu, kaka huyo ni Duke of Windsor. Ukiandika "Edward VIII" katika tukio la 1940, umemrudisha kwenye kiti alichokiacha.

Hapo pana mtego wa Kiswahili pia. "Kutawazwa" kwetu hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza hutenganisha: "accession", siku ya kurithi, na "coronation", siku ya kuvishwa taji. Elizabeth II alirithi 6 Februari 1952 na kuvishwa taji 2 Juni 1953. Miaka ya utawala huhesabiwa kutoka "accession". Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja na hakuvishwa taji kabisa, lakini alikuwa mfalme na namba yake ni halali.

Na utawala wenyewe ni "reign". "Rein" ni hatamu ya farasi, "rain" ni mvua. Kirekebisha tahajia hakitakushtua, maana yote matatu ni maneno halali.

Lakabu kama "the Great" zinaandikwaje?

Hakuna mkato, "the" ndogo, neno la sifa kubwa: "Peter the Great", "William the Conqueror", "Ivan the Terrible". Ukishatumia lakabu, kwa kawaida namba haina kazi: ama "William I" ama "William the Conqueror".

Usitafsiri lakabu kwa kubahatisha. "Æthelred the Unready" hakuwa mtu asiyejiandaa. Neno la kale lilimaanisha aliyekosa ushauri mwema. Na lakabu ya kejeli kama "Bloody Mary" ni ya wapinzani wake. Katika maandishi ya kitaaluma mwite Mary I.

Jina la Kiswahili nalibadilisha au nalibakiza?

Inategemea ni Kiswahili cha kukopa au ni jina lake hasa. Wafalme wa Biblia wana sura ya Kiswahili na sura ya Kiingereza, na ukipeleka ya kwetu hakuna atakayeielewa. Koreshi ni "Cyrus", Dario ni "Darius", Artashasta ni "Artaxerxes", Ahasuero ni "Ahasuerus", ambaye wanahistoria wengi humwona kuwa Xerxes. Nebukadreza ni "Nebuchadnezzar". Farao ni "Pharaoh", nayo ni cheo, si jina la mtu mmoja. Andika a kabla ya o. "Pharoah" ni kosa la kila siku.

Lakini Kabaka Daudi Chwa II wa Buganda ni Daudi kwa Kiingereza pia. Usimgeuze "David". Suleiman the Magnificent wa Uthmaniya, aliyetawala 1520 hadi 1566, habadiliki kuwa "Solomon", japo kwetu wote wawili ni Suleimani.

Kwa Ulaya kanuni ni ya wakati. Wafalme wa kale wamezoeleka kwa sura ya Kiingereza: Philip II of Spain, Catherine the Great, Nicholas II, Frederick the Great. Wa sasa hubaki na jina lao: Felipe VI, si "Philip VI". Katikati pana vurugu: Kaizari wa Ujerumani wa vita ya 1914 ni "Wilhelm II" kwa wengi wa leo, wakati vitabu vya zamani humwita "William II". Mmiliki wa Kongo ya 1885 hadi 1908 ni "Leopold II", tahajia ileile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Masultani wa Zanzibar: jina la pili ni la ukoo?

Hapana, ni la baba. "Barghash bin Said" ni Barghash mwana wa Said. Ukimtaja mara ya pili andika "Barghash" au "the sultan", kamwe usiandike "bin Said" wala "Said" peke yake, maana Said ni mtu mwingine: baba yake. "Bin" huwa ndogo katikati ya jina.

Anayewatatiza wengi ni baba huyo mwenyewe, Said bin Sultan, aliyefariki 1856. Katika jina hilo "Sultan" si cheo. Baba yake aliitwa Sultan, Sultan bin Ahmad wa Muscat. Mwandishi asiyejua huandika "Sultan bin Said" au huifuta "Sultan" akidhani imerudiwa. Kisha kuna "Sayyid Said", pengine "Seyyid Said": neno la kwanza ni la heshima, la pili ndilo jina. Si kosa la uchapaji, wala si jina moja lililoandikwa mara mbili.

Namba kwa masultani hawa si za lazima na mara nyingi hupotosha. Akina Khalifa wawili huonekana vizuri zaidi kwa majina ya baba zao: Khalifa bin Said, 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub, 1911 hadi 1960. Hivyohivyo Ali bin Said na Ali bin Hamud. Tahajia zinayumba, Hamud na Hamoud, Thuwaini na Thuwayni. Chagua moja na ukinukuu acha ya mwenye maneno.

Na Rwanda, Burundi, Buganda, Ethiopia?

Rwanda na Burundi namba inakaa katikati. "Mutara III Rudahigwa": Mutara ni jina la kiti, namba ni ya jina hilo, Rudahigwa ni jina lake binafsi. "Rudahigwa III" si sahihi, maana hakuwahi kuwepo Rudahigwa mwingine kitini. Vivyo hivyo "Kigeli IV Rwabugiri", "Yuhi V Musinga", na upande wa Burundi "Mwambutsa IV Bangiricenge" na "Ntare V Ndizeye". Majina ya viti yalikuwa machache na yakizunguka, ndiyo maana jina binafsi linahitajika. Ukifupisha, "Rudahigwa" au "Musinga" inaeleweka haraka kuliko "Mutara" au "Yuhi".

"Kabaka" ni cheo, hivyo "King Kabaka Mutesa" ni cheo juu ya cheo. Andika "Kabaka Mutesa II of Buganda". Si "of Uganda": yeye pia alikuwa rais wa Uganda kuanzia 1963, na ukichanganya kofia hizo mbili habari nzima ya 1966, alipong'olewa, inapinda. "Muteesa" yenye e mbili ni tahajia ya Luganda, nayo inakubalika.

Haile Selassie ni jina moja lenye maneno mawili, maana yake nguvu ya Utatu. "Selassie said" ni sawa na kumwita mtu "Utatu". Andika "Haile Selassie" kila mara, au "the emperor". Kabla ya kupewa cheo cha mfalme (Negus) mwaka 1928 ni Ras Tafari, na "Ras" ni cheo.

Wake wa wafalme nao wana namba?

Hawana. Namba ni ya anayetawala kwa haki yake. "Queen Anne" ni mtawala wa 1702 hadi 1714, "Anne Boleyn" ni mke wa Henry VIII aliyeuawa 1536. "Queen Mary" bila namba aghalabu ni mke wa George V. "Queen Elizabeth The Queen Mother" ni mama wa Elizabeth II. Kwa wake wa zamani tumia jina la kuzaliwa au la kwao: Catherine of Aragon, Catherine Parr.

"The late" na "Her Majesty" zinafaa?

"Hayati" na "marehemu" kwetu ni adabu hata mtu akiwa amefariki miaka mingi. "The late" kwa Kiingereza ni ya aliyeondoka karibuni. "The late Queen Victoria" leo inachekesha, alifariki 1901. "Her Majesty" nayo iache ndani ya nukuu za wakati wake.

Sifa kama "Victorian" zinatoka wapi?

Nyingine ziko wazi: "Victorian", "Elizabethan", "Edwardian" ya Edward VII, "Georgian" ya George wanne wa 1714 hadi 1830. Nyingine zinapitia Kilatini. James ni Jacobus, hivyo zama za James I ni "Jacobean". Charles ni Carolus, hivyo "Caroline". "Jacobite" ni mfuasi wa James II na uzao wake baada ya kung'olewa, na "Jacobin" ni mwanamapinduzi wa Ufaransa. Herufi chache zikikosewa unahamia nchi nyingine.

Nikipanga orodha, kompyuta inavuruga. Nifanyeje?

Kompyuta hupanga tarakimu za Kirumi kama herufi, kwa hiyo Louis IX anatangulia Louis V. Ongeza safu ya pili yenye namba za kawaida, 5, 9, 14, 16, upange kwa safu hiyo, kisha uifiche. Mfalme anaingia chini ya jina lake, H kwa Henry, si T kwa Tudor, ukoo wake. Miaka ya utawala itangulize "r.": "Henry VIII, r. 1509–1547". Bila "r." msomaji atadhani ni kuzaliwa na kufa, na mfalme aliyezaliwa 1491 atakuwa amekufa na miaka 38.

Na majina ya mahali?

Hufuata lilivyopewa, si cheo kilichokuja baadaye. "Lake Victoria", bila "Queen". "Lake Edward" lilipewa jina na Stanley kwa heshima ya Prince of Wales aliyekuja kuwa Edward VII, kwa hiyo halina namba. Lakini hospitali ya Nairobi ambayo sasa ni Kenyatta National iliitwa rasmi King George VI Hospital, na hapo namba ni sehemu ya jina.